Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wa miradi ya afya, Mwanza)



Katika ziara zetu, kuanzia Sengerema hadi Ukerewe, tumeulizwa swali moja mara nyingi: kwa nini tunaendelea kuchoma vidole vya watoto wakati ipo mashine inayopima malaria bila kutoa damu? Baadhi ya wafadhili nao wameuliza kama fedha za zahanati zielekezwe huko. Tumeona tulijibu leo.

Mashine hiyo si uvumi. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Uganda, Brian Gitta na wenzake walibuni kifaa walichokiita Matibabu, kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Mwaka 2018 Gitta alipata kwa kifaa hicho tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa Mganda wa kwanza kuipata.

Kimelea cha malaria hula hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Ndani yake mna chuma, na mabaki yenye chuma hicho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Hivyo huyageuza kuwa chembe ngumu ziitwazo hemozoini. Ukiweka sumaku, chembe hizo hujipanga, na mwanga unaopita kati yake hubadilika. Kwamba sumaku hugusa mwanga si jambo geni: Michael Faraday alilionyesha mwaka 1845 kwa kipande cha kioo, na mwaka 1877 John Kerr, Mskoti aliyesomea theolojia, alichapisha habari za mwanga unaobadilika unapoakisiwa na chuma chenye usumaku.

Faraday huyohuyo alieleza mwaka 1857 kwamba dhahabu ikigawanyika kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji, maji huwa mekundu. Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize, kwa sababu dhahabu hiyo mnayo tayari. Katika vipimo vingi vya haraka, vile tunavyoviita mRDT, mstari mwekundu unaotokea ni chembe za dhahabu zilizonaswa mahali pamoja. Mwanga ukizigusa, elektroni za dhahabu huyumba kwa pamoja, hunyonya rangi ya kijani, na jicho hubaki likiona wekundu. Wataalamu huita myumbo huo plazmoni. Tusiseme kwamba dhahabu hiyo ni ya Geita. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna mchimbaji ambaye angeinama kuiokota.

Maabara kubwa zimeendelea mbele zaidi. Hutandaza dhahabu nyembamba juu ya kioo, unene wa nanomita 50 hivi, na kitu kidogo kikinata juu yake mwanga unaorudi hubadilika. Mwaka 2006 watafiti nchini Hispania walionyesha kwamba ukiongeza tabaka la kobalti katikati ya dhahabu na kugeuzageuza sumaku, mabadiliko hayo huonekana kwa wepesi zaidi. Ni kazi nzuri, lakini ni ya maabara yenye umeme usiokatika.

Basi, je, tununue vibanio? Kwa sasa tumeamua hapana. Kimelea kichanga kina hemozoini kidogo sana, na vile vilivyokomaa vya aina iliyo kali zaidi hujificha katika mishipa midogo ya viungo vya ndani. Mtoto anaweza kuwa mgonjwa na sumaku isione kitu. Aidha, mRDT nayo ina upungufu: huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wetu sisi. Katika zahanati moja tunayoihudumia tulihifadhi maboksi ya vipimo chini ya bati tupu, msimu wa jua kali, ingawa boksi lenyewe liliandikwa kiwango cha joto. Mtoto mmoja alipimwa, mstari wa C ukatokea vizuri, wa pili haukutokea, akarudishwa nyumbani. Usiku wa pili aliletwa na degedege. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mama yake alituuliza kipimo kilimwambia nini, nasi hatukuwa na jibu la kumtazama usoni. Mstari wa C huonyesha tu kwamba majimaji yamepita. Hauthibitishi kwamba kipimo bado kina nguvu ya kukamata malaria kidogo.

Kwa hiyo ombi letu kwa wafadhili ni dogo kuliko walivyotarajia: dari kwa vyumba vya stoo, vipimajoto vya ukutani, na mafunzo ya hadubini kwa mhudumu mmoja kila zahanati. Kamati za sharika tunaziomba mbao na nguvu kazi. Daftari la joto litaandikwa asubuhi na saa nane mchana, na katibu wa kamati atalikagua kila Jumatatu.