Motokaa Isimamayo Siku Nyingi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nansio)



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo. Katika kisiwa chetu cha Ukerewe, motokaa nyingi za watumishi husimama siku nyingi kuliko zinavyotembea. Ofisi i karibu, soko li jirani, na safari ya Mwanza huwa kwa meli. Motokaa hubaki chini ya mwembe juma baada ya juma. Mwenyewe husema, "Imepumzika." Twataka kuonyesha ya kuwa haipumziki kamwe, bali yaharibika pole pole.

Na tuanze na betri. Betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hupungukiwa nguvu hata isipoguswa, na joto huzidisha upungufu huo. Tena katika motokaa za siku hizi saa na king'ora hunywa umeme usiku na mchana. Betri ikikaa na upungufu, chembe ngumu hugandamana juu ya bamba zake, na baadaye hata ukiichaji haishiki. Betri nzima ya volti 12, ikipimwa baada ya kutulia, huonyesha kama volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki nusu tu, na yafaa ichajiwe upesi.

Wako wanaowasha injini dakika tano kila asubuhi, wakidhani wameilisha betri. Lakini kuwasha kwenyewe hula umeme mwingi, na dakika hizo chache huenda zisiurudishe. Ni afadhali kuiendesha mara moja kwa juma, nusu saa au zaidi, kama kuelekea Bugolora au Rugezi na kurudi. Atakayesafiri mwezi mzima na afungue waya wa hasi kabla ya ule wa chanya. Na arudipo, ule wa hasi aufunge mwisho.

Betri yenye vifuniko huongezwa maji yaliyokenekwa peke yake, wala si asidi, wala si maji ya ziwa au ya kisima, kwa kuwa hayo yana madini ya kuiharibu. Unga mweupe vichwani huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, yasiachwe kuingia ndani. Wakati wa kuchaji, moto na sigara vikae mbali, maana hewa itokayo humo hulipuka.

Sasa magurudumu. Tairi zima nalo hupoteza upepo, kama pauni 1 au 2 kwa kila inchi ya mraba kwa mwezi. Likilegea chini ya uzito, hubonyea mahali pamoja. Na likikimbizwa hivyo hupata moto, hata laweza kupasuka njiani. Basi lipimwe asubuhi kabla ya safari, likiwa baridi. Kipimo kifaacho huandikwa kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka wa juu usiopitwa. Motokaa isogezwe kidogo kila juma ili uzito usikae mahali pamoja, na matairi yafunikwe kwa magunia yasichomwe na jua.

Tena msidanganywe na meno marefu. Mpira huzeeka hata usipotembea. Ubavuni ziko tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye nyufa, au lililopita miaka 10, lisiaminiwe. Wala spea isisahauliwe, kwa kuwa aghalabu ndiyo kongwe kuliko yote.

Ndugu zangu, mbona tumeyasema haya kwa urefu? Kwa sababu usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtoto akizidiwa na homa, jirani hubisha mlango wa mwenye motokaa. Saa hiyo si saa ya kutafuta watu wa kusukuma, wala ya kuazima pampu. Kwa hiyo twashauri kila mwanachama achague siku moja katika juma, aiandike ukutani, na aishike kama ashikavyo saa ya kazi.

Tumekwisha.