Mbegu ya Perege ni Hazina Yetu



Hapa Songea tunacho Kituo cha Ruhila kinachozalisha vifaranga vya samaki. Mfugaji aliyepoteza samaki bwawani ana haki ya kuuliza: je, sayansi haiwezi kutupatia samaki asiyeugua?

Sayansi inajaribu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walieleza jinsi walivyompandikiza kambare chembe ya urithi ya mamba, na kambare hao wakastahimili vijidudu vya maradhi kuliko wenzao. Lakini tusichanganye mambo. Samoni aliyeruhusiwa kuliwa nchini humo mwaka 2015 alipandikizwa chembe za kumkuza upesi, na kukua upesi si kinga ya maradhi.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuchagua wazazi bora. Mwaka 1988 wataalamu walianza kazi hiyo huko Ufilipino kwa sato waliotolewa Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Miaka mingi baadaye kirusi cha sato kilipoingia katika bwawa la uzao huo nchini Malaysia, koo nyingine ziliteketea na nyingine zikanusurika. Kinga ilikuwa tayari imo katika damu ya baadhi yao, na asili ya damu hiyo ni maji ya Afrika.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jukumu letu. Sato mgeni akitoroka bwawani huweza kuzaana na perege wa asili wa mito yetu, na mbegu iliyokwisha changanyika hairudi. Tena maradhi husafiri pamoja na vifaranga. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa chembe za kirusi hicho zimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Kirusi hicho hakina dawa.

Kwa hiyo hatuna budi kununua vifaranga vilivyokaguliwa, kuweka wavu kwenye mfereji wa kutolea maji, kutosongamanisha samaki, na kutoa taarifa kwa afisa uvuvi mara wanapokufa ovyo. Walimu wawafundishe wanafunzi hayo kando ya bwawa la shule.

Wengine walikuja Afrika kutafuta mbegu. Itakuwa aibu sisi wenyewe kuipoteza.