Haki ya Mtoto Haisafiri Bila Nauli



Tumesimama kunena juu ya fungu la bajeti ambalo halitajwi majukwaani: gharama za kuendesha ofisi zinazomsaidia mtoto kupata matunzo kutoka kwa mzazi aliyemtelekeza.

Historia yatufunza. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto wake mahakamani. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Mwaka huo huo chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku. Sauti zilipozibwa, mtoto naye alipoteza mtetezi.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, mlango ulifunguka, ingawa polepole. Sheria ya Watoto ya 2001 bado ilimwelemea mama asiyeolewa. Ndipo Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, ikatamka kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ikafuata mwaka 2022.

Kwa maandishi, tumeshinda. Lakini amri ya mahakama haina miguu. Lazima afisa wa watoto amsikilize mama, amwite baba, aandike mapatano. Mapatano yakivunjwa, lazima hati ya mahakama imfikie mdaiwa. Akihamia Mombasa, au akivuka mpaka hapa Holili, lazima atafutwe. Kila hatua yadai karatasi, simu, nauli na mshahara wa mtu.

Serikali isipolipa gharama hizo, hazifutiki. Humwangukia mama anayeuza ndizi sokoni Jumatano na Jumamosi. Ndiyo kusema, chakula cha mtoto ndicho kinacholipia safari ya kukitafuta chakula cha mtoto.

Wako watakaosema kwamba fedha za ofisi huliwa na ofisi. Hatuwapuuzi, tumeona semina na magari yakijificha nyuma ya maneno "gharama za uendeshaji". Hata hivyo, dawa ya wizi ni hesabu ya wazi, wala si kuifunga ofisi. Nchini Marekani, tangu mpango wa matunzo uanzishwe mwaka 1975, Serikali ya taifa imekuwa ikizirudishia serikali za majimbo sehemu kubwa ya gharama hizo, na kwa miaka mingi sehemu hiyo imekuwa asilimia 66. Walitambua kwamba kumfuatilia mzazi mtoro ni kazi ya dola.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, fungu la kazi hii lionyeshwe peke yake, kituo kwa kituo, Taveta ikiwemo. Pili, kila mwaka itangazwe ni madai mangapi yaliyopokelewa, mangapi yaliyotatuliwa, na ni shilingi ngapi zilizowafikia watoto.

Njia tunayo. Kifungu cha 48 chatuahidi kuifikia haki. Kifungu cha 221 chaitaka Serikali ipeleke makadirio Bungeni miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujaisha, na kamati ya Bunge isikie maoni ya wananchi. Basi kila kanisa na kila kikundi kiandike waraka wake kabla ya Juni.

Ahadi ni deni. Katiba imekwisha kuahidi. Sasa na tuidai Serikali nauli ya haki.