Kutengeneza Nyumba kwa Mikono Yetu
Hotuba ya Halmashauri ya Majengo, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Mombasa



Sisi wa Halmashauri ya Majengo tumetakiwa kusema machache juu ya utunzaji wa nyumba. Lakini kabla hatujathubutu kuwafundisha wengine, yatupasa kukiri kosa letu mbele yenu, maana paa mlilokaa chini yake hivi sasa ndilo lililotufundisha sisi, na karo yake tumeilipa kwa fedha zenu.

Mwakumbuka ya kuwa ukumbi huu ulianza kuvuja masika ya mwaka 2023. Tone la kwanza liliangukia kabati la madaftari ya michango ya mazishi. Tukaleta lami, tukapaka juu ya bati. Mvua ikarudi, paa likavuja, tukapaka tena. Kila tulipopaka tulijiona werevu kwa kuokoa ujira wa fundi, wala hatukupanda darini hata siku moja kutazama chini ya bati. Kumbe maji hayakuwa yakiingia pale yalipodondokea. Maji huingia mahali pamoja, yakatambaa juu ya boriti mwendo wa hatua tano au sita, ndipo yakapata pa kudondokea. Tulikuwa tukiganga kichwa, na liumalo ni jino.

Mara ya nne kijana wetu mmoja alipanda na ndoo ya lami, akakanyaga katikati ya bati, mahali pasipokuwa na mbao chini yake. Bati lilikuwa limelika kwa kutu, likapasuka. Alianguka mpaka sakafuni akavunjika mguu mahali pawili, na kwa miezi mitano hakwenda kazini. Katika hesabu mliyosomewa asubuhi mmeona Mfuko wa Msaada umepungua. Sababu kubwa ndiyo hiyo. Hatukumpa ubao wa kukanyagia, wala hatukumfunga kamba. Kosa hilo ni letu, si lake, nasi twamwomba radhi mbele ya wazee na mbele ya mama yake.

Basi tuseme tuliyojifunza.

Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Kazi ya zinki ni kulika kwanza ili chuma kisalimike; ikiisha zinki, kutu huanza. Hapa kwetu upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, kwa hiyo bati ambalo bara lingedumu miaka mingi, huku huchakaa upesi. Tena wengi wetu hudanganyika dukani kwa sababu ya hesabu ya geji. Mtu huona geji 32 akadhani ni bora kuliko 28, kumbe kadiri hesabu inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Mwenye duka hana haja ya kukueleza, nawe usipouliza utanunua karatasi.

Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, wala haupigwi bondeni, kwa maana bondeni ndiko maji yapitako. Katika ukumbi huu, tulipopanda hatimaye pamoja na fundi, tulikuta safu nzima ya misumari imepigwa bondeni tangu siku ya kuezeka, na mbao zilizo chini yake zimeoza hata kidole kikaingia. Kila msumari uwe na washa ya mpira chini ya kichwa chake. Jua hukausha mpira huo ukapasuka, na msumari husogea kidogo kidogo kwa bati kutanuka mchana na kusinyaa usiku. Kwa hiyo inafaa kukaguliwa kila mwaka kabla ya masika. Majani ya mwembe yaliyolala juu ya paa yafagiliwe, kwa kuwa hushika unyevu. Simiti mbichi isipakwe juu ya bati, nayo hula zinki. Wala maji yaliyopita juu ya shaba yasiachwe kuangukia bati, yatalitoboa.

Mtu akitaka kujua paa linavujia wapi, asingoje mvua. Mmoja na apande na mpira wa maji, mwingine akae darini na taa. Aliye juu aanze kumwagia chini kabisa ukingoni mwa paa, apande pole pole, kila mahali angoje kitambo. Akianzia juu, maji yatateremka kote naye hatajua lolote. Penye kutu juu juu, pasuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, papakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya paa. Penye tundu, bati libadilishwe. Lami twaikataza.

Na paa likiwa zima, lina faida ambayo wengi hatuitazami. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Ukumbi wetu una urefu wa mita 20 na upana wa mita 9, ndiyo mita 180 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo wakati wa masika si ajabu, hutupa lita 1,800, ukiacha kidogo kinachopotea njiani. Nasi, katika mji ambao mabomba hukauka siku nyingi, twayaacha maji hayo yachimbe msingi wetu, kisha twanunua mengine kwa mkokoteni! Mifereji ya paa isafishwe, maji ya kwanza ya mvua yaachwe yapite na uchafu wake, na tangi lifunikwe kwa wavu mbu wasizalie humo.

Juu ya kuta tuna jambo moja tu, lakini ni zito kwa wenye nyumba za Mji wa Kale. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya simiti, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya muda plasta hubanduka pamoja na ngozi ya ukuta wenyewe. Mzee mmoja wa halmashauri yetu alituambia haya zamani, nasi vijana tukacheka tukasema chokaa ni mambo ya kale. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo ingali imesimama. Hatucheki tena. Ukuta wa chokaa uzibwe kwa chokaa.

Bomba linalodondosha tone moja kila nukta hudondosha matone 86,400 kwa siku. Ikiwa matone manne ni mililita moja, hizo ni zaidi ya lita 21, yaani ndoo nzima na ziada. Dawa yake ni washa ndogo na spana, kazi ambayo mke au mume, hata mtoto mkubwa, aweza kuifanya, maadamu amefunga koki kubwa kwanza.

Kazi nyingine hatuwaruhusu wanachama kujifanyia. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Kubadilisha fyuzi ya plagi kwa nyingine ya kadiri ile ile ni halali ya kila mtu. Kuweka waya mahali pa fyuzi ni kuiwekea nyumba moto. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni wa kurudishia. Katika nyaya mpya wenye moto ni wa kahawia, na wa kurudishia ni wa buluu. Nyumba iliyoongezwa chumba huwa na nyaya za namna zote mbili. Hapo aitwe fundi mwenye leseni. Kadhalika mapaa ya zamani ya asibesto yasikatwe, yasitobolewe, wala yasisuguliwe, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Wenye magari nao wasiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala wasiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Halmashauri imenunua ngazi, mbao mbili za kukanyagia juu ya paa, kamba nene, brashi za waya na spana. Vyombo hivi vimo katika stoo nyuma ya ukumbi. Atakayeviazima aandike jina lake daftarini, na atakayekwenda juu ya paa aje na mwenziwe. Kijana wetu aliyevunjika mguu amekubali kuwa mtunza stoo, naye ametuambia mapema kwamba mtu ajaye peke yake hatampa ngazi.