Kodi ya Mmarekani, Kidonge cha Mwafrika
Je, serikali itumie kodi ya wananchi wake kusaidia nchi nyingine? Nasema ndiyo, na ushahidi wangu ni PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Kabla ya hapo, barani Afrika, dawa za kufubaza virusi (ARV) zilikuwa za wenye pesa. Maskini alirudishwa kijijini kufia nyumbani, watoto wakabaki mikononi mwa bibi. Marekani yenyewe inakadiria mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25, na misaada yote ya nje ya Marekani ilikuwa takriban asilimia 1 tu ya bajeti ya serikali kuu.

Januari 2025, Rais Donald Trump aliisimamisha misaada hiyo kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Dawa za kuokoa maisha zilipewa kibali baadaye, lakini kliniki nyingine zilikuwa zimeshafunga milango. Kubadili sera ni haki ya Marekani. Kukata dawa ghafla ni ukatili: anayekatiza ARV, virusi huzaliana upya mwilini, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto.

Hata hivyo, lawama zisiishie Washington. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika huko. Waziri anayelalamika leo aulizwe: katika bajeti ijayo, fungu la ARV ni kiasi gani?