Chuo binafsi, wajibu kwa umma

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1876 kwa wasia wa mfanyabiashara aliyeacha dola milioni 7 kwa ajili ya chuo na hospitali. Si chuo cha serikali, lakini sehemu kubwa ya utafiti wake hugharimiwa na fedha za serikali, yaani kodi za wananchi.

Januari 2020 chuo hicho kilitoa bure ramani ya UVIKO-19: dunia nyeusi yenye duara jekundu kwa kila eneo lenye wagonjwa, likitanuka kadiri wagonjwa walivyoongezeka. Vyumba vya habari na familia ziliitegemea hadi Machi 2023.

Upo pia upande wenye uchungu. Mwaka 1951, katika hospitali ya chuo hicho, seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyeugua saratani ya shingo ya kizazi, zilichukuliwa bila ridhaa yake. Zilisaidia utafiti wa chanjo ya polio, huku familia ikikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Elimu inayotokana na kodi na miili ya watu ni amana. Chuo, hata kikiwa binafsi, kina wajibu wa kuirudisha kwa umma kwa uwazi na heshima.