Bendera ya Taifa Mlingotini

Bendera ya Tanzania, iliyopatikana mwaka 1964 kwa kuunganisha rangi za bendera za Tanganyika na Zanzibar, hupandishwa rangi ya kijani ikiwa juu, upande wa mlingoti, na buluu ikiwa chini, upande unaopepea. Ikifungwa juu chini, buluu hupanda na kijani hushuka, kosa ambalo, kwa bahati mbaya, wapita njia wengi hawalitambui. Wakati wa maombolezo hupepea nusu mlingoti, yaani chini ya kilele, lakini utaratibu unataka ipandishwe kwanza hadi kileleni ndipo iteremshwe taratibu, na jioni, kabla ya kushushwa kabisa, irudishwe kileleni kwa muda mfupi. Bendera iliyochanika au kupauka huondolewa.